Nakala kwa Wakubwa

Kijana wa leo anayeketi mbele ya kompyuta ofisini hukuta, chini ya mahali pa kuandika jina la mwandikiwa, herufi mbili ndogo: "cc". Huzitumia kila siku, na ukimwuliza maana yake atakuambia kuwa ni mahali pa kutia majina ya wale wengine. Hajapata kuishika karatasi ya kaboni. Sisi tulioishika, tukachafua vidole na mikono ya mashati, twajua kwamba herufi hizo ni ukumbusho wa karatasi ile nyeusi iliyotiwa katikati ya karatasi mbili nyeupe kwenye taipureta, ili pigo moja la herufi lizae herufi mbili. Kaboni imekwenda zake, jina lake limebaki, kama mtaa unavyobaki na jina la mwembe uliokwisha kukatwa zamani.

Nataka kuzungumza nawe, ndugu msomaji, juu ya nakala hiyo. Najua kwamba watu wanaolalamikia barua pepe za kazini huanza na mambo mengine. Mmoja huudhiwa na mwenziwe anayeandika saa tano usiku na kutaka jibu kabla ya alfajiri. Mwingine hawezi kustahimili barua yenye alama nyekundu ya haraka, kumbe ndani yake mna tangazo la chai ya kumuaga mhasibu. Yupo anayeifufua barua ya zamani yenye kichwa "Yah: Semina ya Machi" na kuandika humo habari za choo kilichoziba mwezi Septemba, kwa uvivu tu wa kubuni kichwa kipya. Yupo pia anayewajibu watu sitini kwa neno moja, "Nimepokea", na wengine wakamwiga mmoja baada ya mmoja. Mwezi Novemba 2016 huko Uingereza barua ya majaribio ilikwenda kwa bahati mbaya kwa wafanyakazi wa huduma ya afya ya taifa zaidi ya 800,000. Baadhi yao wakajibu kwa wote wakiomba waondolewe katika orodha, na kila ombi la kuondolewa likawafikia wote, hata mtambo ukaelemewa. Hayo yote ni maudhi, na dawa ya maudhi ni adabu kidogo na subira kidogo. Hata lile la kuandika bila salamu, ambalo wazee wenzangu hulilia sana, mimi sikulitia katika hesabu ya dhambi. Telegramu nayo haikuwa na salamu, kwani kila neno lililipiwa, na hakuna aliyesema kwamba mpeleka telegramu hakulelewa.

Nakala ni jambo jingine. Nakala inaweza kuwa na salamu, ikawa na "tafadhali" na "ahsante kwa ushirikiano wako", na bado ikamwumiza mtu kuliko tusi.

Yupo mwanafunzi wangu wa zamani, sasa ni mama wa watoto watatu, ambaye ni mhasibu katika taasisi moja nisiyoitaja. Alikuja kunisalimu nyumbani, na baada ya chai akatoa simu yake akanisomea barua. Alikuwa amechelewa siku mbili kukamilisha taarifa ya matumizi, kwa kuwa risiti za mikoani zilikuwa hazijafika. Mwenziwe wa cheo kilekile, anayeketi chumba cha pili, ukuta wa mbao tu ukiwatenga, hata akikohoa asikika, alimwandikia hivi: anaomba kumkumbusha kwa mara nyingine juu ya taarifa ile, kwa kuwa kuchelewa kwake kunakwamisha kazi za wengine. Basi. Mistari mitatu. Lakini nakala ilikwenda kwa mkurugenzi, kwa mkaguzi wa ndani, na kwa wakuu wa sehemu zote.

"Shida yangu, Mwalimu," akaniambia, "kila neno humu ni kweli. Nilichelewa. Alikwisha kunikumbusha. Sasa ningemshtaki kwa neno lipi?"

Swali hilo lilinikaa moyoni siku nyingi, maana ni swali halisi la maadili, si la adabu za ofisini. Ikiwa maneno yote ni ya kweli, na ikiwa mkubwa ana haki ya kujua yanayotendeka katika ofisi yake, kosa liko wapi? Au hakuna kosa, ila huyu binti ana ngozi nyororo?

Mimi naona kosa lipo, na halimo katika maneno. Barua ina vitu viwili: yale yasemwayo, na wale wanaosikilizishwa. Tumezoea kudhani kwamba cha kwanza peke yake ndicho ujumbe. La hasha. Kuwachagua wasikilizaji nako ni kusema. Maneno ya barua ile yalisema, "Naomba taarifa." Majina yaliyopangwa chini yake yalisema, "Wakubwa, mtazameni huyu." Ujumbe huu wa pili ndio uliokuwa barua yenyewe, nao haukuandikwa kwa mhasibu hata kidogo, ingawa jina lake ndilo lililotangulia. Yeye aligeuzwa bahasha. Mtu alitaka kupeleka habari zake mwenyewe kwa mkurugenzi, kwamba yeye ni mchapakazi na wenziwe wanamkwamisha, akazitia ndani ya mtu mwingine akazipeleka. Nadhani hapo ndipo maumivu yalipo. Mtu hukubali kukosolewa. Kutumiwa kama chombo hakubali, hata kama hajui kueleza kwa nini hakubali.

Tulipokuwa chuo cha ualimu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, mkufunzi wetu alirudia mpaka tukachoka: msifu mtoto mbele ya watu, mkanye pembeni. Tuliona ni maneno ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Nilipokuja kusimamia shule nikaona jinsi mtoto anavyobadilika akikaripiwa mstarini asubuhi, mbele ya shule nzima. Karipio lenyewe halimwingii. Masikio yake yako kwa wale wanaocheka mstari wa nyuma. Na mwalimu anayependa kukaripia mstarini, ukimchunguza vizuri, huyo mtoto si hoja yake. Hoja yake ni kuonekana na mkuu wa shule.

Zamani jambo hili lilikuwa na breki, na breki hiyo haikuwekwa na wema wetu bali na karatasi. Taipureta ilimeza karatasi moja ya juu na nakala tatu au nne kwa kaboni. Ile ya mwisho ilikuwa imefifia kama moshi, na mwandikiwa aliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha ili apate kusoma. Ukitaka nakala zaidi, barua ipigwe tena, au ikatwe stensili. Mpiga chapa wetu, mama mwenye miwani mizito, alikuwa na desturi ya kuuliza kila jina lililoongezwa: "Na huyu, Mwalimu, wa nini?" Alikuwa anahurumia vidole vyake, lakini alilinda heshima za watu wengi bila kujua. Tena nakala zote ziliandikwa chini kushoto, wazi: "Nakala kwa: Afisa Elimu wa Mkoa." Na mtumishi wa chini aliyetaka kuandika juu aliandika "kupitia kwa" mkuu wake, naye mkuu akatia maoni yake na kuisogeza mbele. Utaratibu ule ulikuwa mzito, na wapo wakuu waliozikalia barua za walimu mpaka zikaota vumbi. Sitaki kuusifu kupita kiasi. Ila ulikuwa na jambo moja jema: anayesemwa alijua kuwa anasemwa, na alijua ni kwa nani.

Mwaka 1971, Mmarekani Ray Tomlinson alipeleka barua ya kwanza kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa njia ya mtandao, akachagua ile alama ya @ kutenganisha jina la mtu na jina la mashine. Kwetu ilituchukua muda. Lakini baada ya mkongo wa baharini kufika Dar es Salaam mwaka 2009, kilichokuwa anasa kikawa desturi, na mimi niliyestaafu mwaka 2011 nimekaa katika bodi moja miaka kadhaa baada ya hapo na kuipata barua pepe kwa wingi ambao nisingeutamani hata ujanani. Kuongeza jina moja hakugharimu kitu, wala hakuna mama mwenye miwani wa kukuuliza. Plato, katika mazungumzo yake yaitwayo Phaedrus, amemfanya Socrates alalamike kwamba neno likishaandikwa huviringika kila mahali, likawafikia wanaolielewa na wasiohusika nalo, na likionewa haliwezi kujitetea bila baba yake kuwapo. Hiyo ilikuwa zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, neno likisafiri kwa miguu ya mtumwa. Nashangaa angesema nini juu ya kitufe cha kujibu wote.

Hapa rafiki yangu mmoja, naye mstaafu, alinikatiza nilipomsimulia haya. "Wewe unazungumza kama mtu asiyepata kufuatilia mafao," akasema. Alikuwa na haki. Nimefuatilia jalada la mwalimu mwenzangu, mzee asiyejua kompyuta, ambaye mafao yake yalikwama kwa sababu ya tofauti ya herufi moja katika jina lake. Tuliandika, tukapiga simu, tukaandika tena. Ofisa husika hakujibu. Tulipoandika mara ya nne na kupeleka nakala kwa mkubwa wake, jibu lilikuja siku ileile, tena lenye samahani tele. Fimbo ya mbali haiui nyoka, wahenga walisema, lakini hii iliua. Basi, je, sisi nasi tulitenda lile lile alilotenda yule jirani wa ukuta wa mbao?

Nimelipima jambo hili, na jibu langu ni hapana. Kwanza, tulikuwa tumekwisha kumwendea mwenyewe, mara tatu. Pili, na hili ndilo ninaloliona zito zaidi, katika barua ya tatu tulimwambia kwamba tusipopata jibu kwa muda fulani tutaandika kwa mkuu wake. Alijua tunakokwenda. Alikuwa na nafasi ya kutuzuia kwa kutimiza wajibu wake tu. Jirani yule hakwenda hata hatua kumi na mbili hadi mlango wa pili. Aliruka kutoka ukumbusho hadi hadhara, na hakuna kilichomzuia kugonga mlango ila kwamba kugonga mlango kungeleta taarifa tu, na siyo sifa.

Lakini hadi sasa nimezungumzia nakala ya wazi. Iko nyingine, ambayo jina la mpewa nakala halionekani na wengine. Waswahili wa kompyuta huiita nakala fiche, na jina hilo linaifaa. Ninapoandikiwa, naona jina langu peke yangu. Ninajibu kama mtu anayezungumza na mtu mmoja, nakiri udhaifu, natania, nalaumu kidogo. Kumbe nyuma ya pazia mtu wa tatu ameketi akisoma ile iliyonifanya niseme hayo.

Walimu wa rika langu tunaifahamu hali hiyo kwa jina lingine. Kwa miaka mingi utumishi wetu ulipimwa kwa taarifa za siri za mwaka. Mkuu wa kazi alijaza fomu juu ya kila mtumishi, ikafungwa, ikapelekwa juu, na mwenye kuandikwa hakuiona. Nilimjua mwalimu wa Hisabati, hodari, aliyekaa daraja moja mpaka wanafunzi wake wakampita vyeo, wala hakupata kujua ni sentensi gani iliyomfunga. Labda haikuwapo sentensi yoyote. Labda ni jalada lililopotea masijala. Lakini yeye alimshuku kila mkuu aliyewahi kufanya kazi chini yake, wote kwa zamu, na uchungu huo alikwenda nao kaburini. Ndiyo maana mwaka 2004 ulipoletwa mfumo wa upimaji wa wazi, ule ulioitwa kwa kifupi OPRAS, ambamo mkuu na mtumishi walikaa meza moja, wakakubaliana malengo na kutia saini wote wawili, mimi niliupokea kwa furaha, pamoja na wingi wa makaratasi yake. Baadaye mfumo huo nao ulipisha upimaji wa kwenye kompyuta. Lakini tazama ajabu: tulichokitoa kwa mlango wa mbele, yaani taarifa ya siri, kimerudi kwa dirisha la nyuma. Sasa kila karani anaweza kumwandikia mwenziwe taarifa ya siri, mara kumi kwa siku, bila hata kuhitaji cheo cha ukuu.

Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1795 juu ya amani ya kudumu, alitoa kipimo ninachokipenda. Kwa maneno yangu mwenyewe: tendo linalohusu haki za wengine, ikiwa nia yake haiwezi kutangazwa bila kujibomoa, basi tendo hilo si la haki. Aliwaandikia wafalme na mawaziri, lakini kipimo hicho chaingia ofisini bila kubisha. Mwandikie mwenzio: "Ninakuuliza jambo hili huku mkurugenzi akisoma bila wewe kujua." Sentensi hiyo haiandikiki. Ukiiandika, siri imekwisha na mtego umefyatuka mtupu. Nakala fiche ya namna hii haisimami kwenye mwanga hata kwa dakika moja.

Ningependa kuishia hapo, maana kipimo ni kizuri. Ila siwezi, kwa sababu ya binti mwingine.

Huyu alikuwa mwalimu mgeni kazini, mwaka wa kwanza. Mkubwa wake alianza kumwandikia barua za kikazi zenye mstari mmoja wa ziada mwishoni: kwamba uthibitisho wake kazini ungekwenda haraka kama angekuwa na moyo wa kushirikiana, wakutane mjini Jumamosi wazungumze. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inalitaja jambo hilo, kifungu cha 25, kuwa ni kosa. Lakini sheria hutaka ushahidi, na binti hakuwa na shahidi. Shangazi yake akamshauri: kila unapomjibu, jibu kwa heshima na kwa maneno ya kikazi tu, ukatae kwa uwazi, na unipelekee mimi nakala asiyoiona yeye. Akafanya hivyo. Nakala hizo zilizotulia katika sanduku la shangazi, zenye tarehe na saa, ndizo zilizomwokoa.

Pima sasa kwa kipimo cha Kant. Je, angeweza kumtangazia mkubwa yule kwamba shangazi anasoma? Asingeweza, angepoteza kazi siku ileile, na yule bwana angegeuka malaika kwenye maandishi, kisha angehamia kwenye njia isiyo na maandishi. Tendo lake lilihitaji giza kama lile la mpeleleza wenzake. Kipimo kinawahukumu wote wawili sawasawa, na mimi siko tayari kuwahukumu sawasawa.

Nimefikiri labda tofauti iko katika mwelekeo. Nakala ya binti ilikwenda pembeni, kwa mtu asiye na mamlaka yoyote juu ya mkubwa wake, ilikuwa ngao. Nakala ya mpelelezi hupanda juu, kwa mwenye mamlaka ya kumdhuru anayeandikiwa; ni mkuki. Hiyo inasaidia, lakini haitoshi, maana ngao ile nayo mwishowe ilipelekwa kwa wenye mamlaka, na ni haki ilipelekwa. Pengine ukweli ni kwamba uwazi, ambao sisi wakuu tunausifu sana, ni rahisi kwa mwenye nguvu. Kant aliwataka wafalme watangaze nia zao. Mfalme akitangaza nia yake, nani atamfukuza kazi? Kumdai mnyonge uwazi uleule anaodaiwa mwenye enzi ni kumpokonya silaha yake ya pekee kwa jina la maadili. Kwa hiyo nakishika kipimo kile, lakini nakisoma kwa sharti: kinamfunga mtu kwa kadiri ya nguvu alizonazo juu ya yule anayemwandikia. Jirani wa ukuta wa mbao, mtu wa cheo sawa, asiyetishwa na yeyote, hana pa kujifichia. Mkubwa anayemtega mdogo wake ana hatia mara mbili. Binti hana hatia.

Kuna wanaoniambia kwamba hilo litafungulia kila mtu mlango wa kujiita mnyonge. Huenda. Wanyonge wa uongo wapo, lakini huwa wanajulikana: hawakosi nakala ya kuonyesha, na hawajawahi kugonga mlango wa mtu.

Limebaki la mpokeaji. Tunamlaumu sana anayepeleka nakala na kumsahau anayezipokea, ambaye ndiye soko lenyewe. Mbuyu hausimami bila mizizi. Mkubwa anayesoma nakala za kuchongeana, akazikumbuka siku ya kupandisha vyeo, ndiye anayezinunua, hata kama hukunja uso na kusema anachukia majungu. Nilipokuwa mkuu wa shule, mwalimu akija ofisini kwangu kuninong'oneza habari za mwenzake, nilikuwa na jibu moja: "Ngoja nimtume mtoto amwite, tuzungumze sote." Wengi walikumbuka ghafla kwamba wana kipindi. Waliobaki walikuwa na jambo la kweli, na tulilizungumza.

Mkuu wa idara mmoja, kijana niliyemfundisha Kidato cha Pili, alinisikia nikisimulia hayo akaamua kuyajaribu kwenye barua pepe. Aliwatangazia watumishi wake wote kwamba kuanzia Jumatatu, nakala yoyote fiche ya kumsema mwenzao atakayoipata ataipeleka kwa yule anayesemwa, na kwamba nakala za wazi atazisoma Ijumaa alasiri tu. Juma la kwanza, aliniambia, sanduku lake lilikuwa jeupe kama uwanja wa shule siku za likizo. Juma la pili walianza kumjia ofisini, mmoja mmoja, kulalamika kwamba siku hizi hawashirikishwi.